Bibi Asiye Kwenye Jalada

Nyanda za Juu Kusini zina koo nyingi ambazo babu yao mmoja hatajwi kwa jina. Hutajwa kwa asili yake tu: Mjerumani, Mgiriki, Mbaluchi, Mwingereza wa migodini. Kaburi lake halijulikani, na picha yake, kama ipo, ameificha shangazi asiyependa maswali. Kumtafuta mtu wa namna hiyo ni ufundi, nami nataka kuusifu, maana siku hizi wengi wanadhani kazi yote inamalizwa na mate yaliyotemwa kwenye kichupa na kupelekwa maabara.

Fundi wa nasaba huanza na mahali na miaka, jina hulitafuta baadaye. Akiambiwa babu alikuwa Mjerumani, atauliza: wapi, na akifanya kazi gani? Kama ni Iringa mjini, boma lilianzishwa na Tom von Prince mwaka 1896, miaka miwili baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kuanguka. Kama ni Rungwe, wamisionari Wamoraviani walikuwako tangu 1891. Kama ni Chunya, basi habari ni dhahabu ya Lupa, ambako miaka ya 1930 walimiminika wachimbaji wa mataifa mengi, Makaburu wakiwamo. Ifunda na Kidugala ndiko kwenye mtego: wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kambi za wakimbizi kutoka Poland, na Mzungu asiyejua Kiingereza angeweza kabisa kuitwa Mjerumani kijijini. Wala damu iliyoletwa na ukoloni si nyeupe yote. Kamanda wa Kijerumani Wissmann alikuja mwaka 1889 na askari Wasudani na wengine kutoka Msumbiji, na huko Usangu Wabaluchi walifanya biashara, wakalima mpunga, wakaoa.

Kisha huja makaratasi. Mwaka 1906 serikali ya Wajerumani ilizuia ndoa kati ya Wazungu na Waafrika katika koloni hili, kwa hiyo anayetafuta cheti cha ndoa anapoteza nauli. Fundi hupita pembeni. Husoma vitabu vya ubatizo vya misheni, orodha za watumishi, barua za Wamoraviani zilizohifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, majalada ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na mengine yaliyoko Berlin. Vita vilipoanza mwaka 1939, mashamba ya Wajerumani, yakiwamo ya Mufindi, yaliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na mali ikishikwa huzaa majalada mengi kuliko mapenzi. Anayetafuta Tukuyu kwenye karatasi za Wajerumani hatapata kitu mpaka ajue kwamba wao waliiita Neu-Langenburg, na Wanyakyusa waliwaita Konde. Halafu kuna mwandiko wenyewe, ule wa zamani ambao herufi e hufanana na n, unaomfanya mtu aliyesoma Kijerumani chuoni aonekane hajui kusoma.

Maabara nayo ina heshima yake. Baba wa babu yako alikuachia takriban asilimia 12.5 ya vinasaba vyako, kiasi cha kutosha kabisa kuonekana. Lakini hazina za kampuni zinazopima zimejaa Wazungu na Wamarekani. Wahehe, Wabena na Wasafwa humo ni wachache mno. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Iringa hupata binamu wa mbali Bavaria kabla hajapata hata mmoja Kalenga. Fundi huwachukua binamu hao wa ng'ambo, huupandisha ukoo wa kila mmoja mpaka wakutane kwa mume na mke fulani, kisha huuliza ni mtoto gani wa watu hao aliyepanda meli kuja Afrika.

Iringa inajua vizuri hatari ya kuharakisha. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen kutafuta fuvu la Mkwawa. Alilichagua kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Mpaka leo wapo wanaolitilia shaka. Linganisha na Berlin, Septemba 2023: baada ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, watafiti walitangaza kwamba vinasaba vimeyaunganisha matatu na jamaa walio hai Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa "Akida", na neno hilo ndilo lililowaelekeza kwa ukoo wa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Bila neno hilo wangeanzia wapi?

Lakini sifa yangu kubwa kwa ufundi huu ni nyingine. Mzungu hupatikana. Ana hazina ya vinasaba, ana jalada, ana binamu wenye muda na kompyuta. Asiyepatikana ni bibi. Kwenye jalada hayupo, au ni "mwanamke mwenyeji". Kitabu cha ubatizo kikimtaja, humtaja kwa jina la Kikristo tu, Maria au Martha, na Maria walikuwa wengi. Hapo mashine imefika mwisho wake na fundi ndiyo kwanza anaanza. Huuliza mama wa ubatizo alikuwa nani, mtoto alilelewa na mjomba yupi, ukoo ule una mwiko wa chakula gani, ng'ombe walitolewa au hawakutolewa. Huwauliza wanawake, kwa sauti ya chini, kwa sababu si kila mtoto chotara alizaliwa kwa hiari ya mama yake. Fundi mzuri anajua pia mahali pa kufunga daftari. Naye mwenye kutaka kupimwa akumbuke kuwa Sheria Na. 8 ya 2009 imeweka matumizi ya vinasaba vya binadamu nchini chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Maparoko na wachungaji, vitabu vya ubatizo mlivyonavyo kabatini vipigeni picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajavifikia. Na wewe uliyeshika kichupa, usikitume bado. Nenda kwanza ukamwamkie bibi mkubwa wa ukoo, kaa naye, umuulize jina la mama wa yule mtoto.