Math.max Haina Mwenyewe

Hukumu ya Mei 9, 2014 ilikuwa kosa la wazi. Siku hiyo Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho kule Marekani iliipa Oracle hakimiliki juu ya matamko ya API za Java, yaani majina ambayo programu hutumia kuziita huduma zake, ikapangua uamuzi wa 2012 wa Jaji William Alsup.

Majaji walisema Google, iliyoshtakiwa na Oracle kwa kuyanakili matamko hayo, ingeweza kubuni majina yake: badala ya Math.max, iite Math.maximum, au Arith.larger. Hapo ndipo walipopotea. Badili jina hilo uone: kila programu iliyoandikwa kuita Math.max inagoma kukompaili. Wakaongeza kwamba uhuru wa kuchagua upimwe siku kampuni ya Sun, iliyonunuliwa baadaye na Oracle, ilipoiandika Java. Siku hiyo, ndiyo, majina yalikuwa tele. Lakini Google ilikuja baada ya watayarishaji programu kuyakariri majina hayo, na kwao hakukuwa na chaguo jingine. Nimelalamika miaka yote: kesi hii ilifika kwa mahakama hiyo ya rufaa za hataza kwa sababu tu Oracle ilichomeka madai ya hataza, madai ambayo jopo la raia (jury) liliyakataa.

Alsup alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akiandika programu mwenyewe, na alipooneshwa rangeCheck, kipande cha kodi kilichodaiwa kunakiliwa, mistari tisa tu, aliwaambia mawakili kodi kama hiyo ameiandika mara nyingi.

Na msinitajie njia ya chumba safi kama dawa. Kampuni ya Phoenix, mashujaa wangu, waliitumia miaka ya 1980 dhidi ya BIOS ya IBM, programu ya kuwashia kompyuta: kundi moja lilisoma na kuandika maelezo, jingine likaandika kodi bila kuiona ya IBM. Kodi ilikuwa mpya kabisa, ila namna ya kuziita huduma ilibaki ileile, la sivyo programu zisingefanya kazi. Kwa mantiki ya 2014, hata wao wangeshtakiwa.

Hapa Eldoret, Kenya, suala hili linatuhusu. OpenMRS, inayotunza rekodi za wagonjwa wa mpango wa afya wa AMPATH tangu 2006, imeandikwa kwa Java. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamruhusu mwenye nakala halali kuichambua programu ili ielewane na nyingine. Hilo ni jema.

Mwaka wa 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiokoa Google, 6 kwa 2, kwa matumizi ya haki. Swali lenyewe, kama matamko yana hakimiliki, ililikwepa. Lilipaswa kujibiwa: hayana.