Kiowevu au Oili ya Usukani?

Tafsiri "kiowevu cha usukani" haina kosa la sarufi, ila ina hatari gerejini. Usukani hautusumbui: ni neno la jahazini ambalo hata Tabora, mbali na bahari, imelizoea. Dosari imo katika "kiowevu". Kile kiitwacho mafuta ya breki nacho ni kiowevu, na aghalabu asili yake ni glaikoli. Kikitiwa katika pampu ya usukani huharibu mipira izuiayo kuvuja. Fundi wa Tabora asemaye "oili ya stelingi" amemshinda mfasiri, kwani oili hiyo hupitisha nguvu na kulainisha pia. Basi na iwe "oili ya usukani". Lakini baadhi ya magari hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki, mengine huikataa. Mfasiri anakili daraja iliyotajwa na mtengenezaji, bila kuitafsiri.