Ufundi wa Kusoma Slaidi

Mwanamke aliyekwisha koma hedhi anaanza tena kutokwa na damu. Mtoto wa kike wa miaka mitano anaota matiti. Binti wa miaka ishirini sauti inakuwa nzito, ndevu zinachomoza na hedhi inakatika. Watatu hawa wanaweza kuwa na ugonjwa wa jamii moja: uvimbe adimu wa ovari unaotengeneza homoni, estrojeni kwa wawili wa kwanza, testosteroni kwa wa tatu. Daktari wa upasuaji huutoa. Anayeutambua ni mtu ambaye huenda wagonjwa wasimwone kamwe: mpatholojia.

Kazi yake huanzia mikononi mwa wengine. Fundi wa maabara huihifadhi nyama katika formalini, huigandisha ndani ya nta, kisha huikata kuwa utando wenye unene wa maikroni 3 au 4. Hematoksilini huvipa viini vya seli rangi ya zambarau; eosini huyapa mengine waridi. Utando ukijikunja au rangi ikizidi, hata jicho kali hupotea.

Kisha usomaji. Katika uvimbe wa granulosa wa watu wazima, mmojawapo wa jamii hiyo, viini vya seli vina mfuo katikati kama punje za buni. Pengine seli hujipanga kuzunguka vitundu vidogo, vinavyobeba majina ya Emma Call na Siegmund Exner, waliovieleza mwaka 1875 kutokana na ovari za sungura. Call alikuwa daktari mwanamke Mmarekani, zama ambazo vyuo vingi vya udaktari viliwafungia wanawake milango. Ni haki jina lake litajwe maabara hadi leo.

Ila alama hizo hazijitokezi kila mara, na zipo saratani nyingine zinazofanana na uvimbe huu. Mpatholojia hodari halidaki jibu la kwanza. Hupaka rangi ya retikulini, hutafuta protini ya inhibini, huuliza umri na dalili. Mwaka 1970 mpatholojia Robert Scully wa Boston alieleza uvimbe mwingine wenye vijimirija vya pete, ambao baadhi ya wagonjwa wake wana ugonjwa wa kurithi wa Peutz-Jeghers. Ndiyo maana anayeziona pete hizo humwomba daktari aikague midomo ya mgonjwa, kama ina madoa meusi ya ugonjwa huo. Kutoka slaidi ya ovari hadi midomoni: hapo ufundi huu umefika kileleni.

Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver waligundua kwamba karibu kila uvimbe wa granulosa wa watu wazima una badiliko lilelile la herufi moja katika jeni FOXL2. Kulipima badiliko hilo ni neema. Lakini lisingegunduliwa kama macho yasingekuwa yamekwisha kuutenga uvimbe huu na mingine kwa miongo mingi.

Uvimbe wa granulosa huweza kurudi hata baada ya miaka 20. Hapo vipande vya nta vya zamani hutolewa stoo, hukatwa upya, na slaidi za nyakati mbili husomwa pamoja. Hospitali iliyovitunza humwezesha daktari kujua kama huu ni ugonjwa uleule au mpya, kabla hajachagua dawa.