Tezi Yenye Kiu ya Iodini, Kutoka Idjwi Hadi Bisie

Katika mwili wa mtu kuna kiungo kimoja kinachokusanya iodini na kuihifadhi kwa wingi, nacho ni tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo chini ya kikoromeo. Iodini hiyo, ambayo Watanzania huiita madini joto, tezi huitumia kutengeneza homoni zinazoendesha joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Tabia hii ya kuvuta iodini ndiyo inayoleta rovu iodini ikikosekana, na ndiyo hiyohiyo madaktari huitumia kuwinda saratani ya tezi popote ilipojificha. Msomaji wa Bisie, kwenye mgodi wa Walikale, au wa Masisi asidhani elimu hii ni ya ng'ambo tu. Sehemu yake moja ilitafutwa Kivu, mashariki ya Kongo, kwenye shingo za watu wa kisiwa cha Idjwi.

Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC mwaka 1947, makao yake makuu yakiwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, wakiwemo François Delange, Ermans na Thilly, walivuka kutoka huko hadi Idjwi. Walikuta jambo lisiloeleweka. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, lakini kusini-magharibi rovu lilikuwa la nadra. Dhana ya kwanza ilikuwa rahisi: bila shaka watu wa kusini-magharibi walipata iodini zaidi. Walipopima iodini kwenye mkojo wakakuta pande zote mbili zina upungufu uleule.

Ukinzani huo ndio uliozaa utafiti. Kama upungufu ni mmoja na rovu halilingani, basi upungufu peke yake hautoshi kuvimbisha shingo. Lazima kuna mshirika. Wakaanza kutafuta chakulani, na kipimo chao kilikuwa iodini yenye mnururisho kwa kiasi kidogo mno. Mtu hupewa iodini hiyo, kisha chombo huwekwa mbele ya shingo kuhesabu ni kiasi gani kimeingia kwenye tezi, na mkojo hupimwa kuona kiasi gani kimetoka. Walipowalisha watu muhogo uliolimwa upande wenye rovu, tezi ilivuta iodini kidogo kuliko kawaida, na iodini iliyotoka kwa mkojo ikaongezeka. Mshirika akawa amepatikana.

Muhogo una linamarini, ambayo mzizi ukisagwa au kutafunwa hutoa sianidi. Ini huigeuza sianidi hiyo kuwa thiosianeti, isiyo na sumu kali, lakini ambayo hugombania na iodini mlango uleule wa kuingilia kwenye tezi. Mwenye iodini ya kutosha hadhuriki. Asiye nayo hupoteza hata ile kidogo aliyokuwa nayo. Baadaye, kazi iliyofanywa Ubangi, kaskazini-magharibi ya nchi, ilionyesha kwamba kinachoamua ni uwiano wa vitu hivyo viwili. Ndiyo maana mama anayeloweka muhogo siku kadhaa na kuukausha vizuri kabla ya kuutwanga anapunguza sianidi na kulinda shingo za wanawe, awe analijua hilo au halijui. Tiba ya Idjwi ilikuwa sindano ya mafuta yenye iodini, ambayo moja yatosha miaka kadhaa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na chumvi yenye iodini, kwa bei ndogo zaidi.

Lakini rovu si saratani, na kuchanganya mambo haya mawili kumewatia watu wengi hofu bure na kuwachelewesha wengine. Vinundu vingi vya tezi havina ubaya. Kwa kawaida chini ya kimoja kati ya kumi ndicho chenye saratani. Kati ya saratani zenyewe, papilari na folikulari ndizo nyingi, na zote mbili hutoka katika seli zinazovuta iodini. Mahali palipokosa iodini kwa muda mrefu folikulari huwa na sehemu kubwa zaidi. Chumvi ikishasambaa papilari huongoza, na kwa ujumla hii ni pole kuliko mwenzake. Medulari na anaplastiki ni chache, na iodini haizifikii.

Kuna kikwazo hapa ambacho wengi hawakijui. Papilari hutambuliwa kwa sindano nyembamba: daktari huingiza sindano kwenye kinundu, bora akiongozwa na ekografia (picha ya mawimbi ya sauti), na seli husomwa kwa hadubini. Folikulari haitambuliki hivyo. Seli zake zinafanana na za kinundu kisicho na ubaya, na tofauti ni kama zimetoboa ganda la kinundu au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Ili kuliona ganda hilo ni lazima upande huo wa tezi ukatwe na mtaalamu wa patholojia aukague wote. Kwa hiyo mahali penye muhogo na upungufu wa iodini, saratani ambayo sehemu yake huongezeka ndiyo iliyo ngumu kuitambua kwa sindano.

Upasuaji ndio nguzo ya tiba. Daktari wa kweli hujulikana kwa anavyoilinda mishipa ya fahamu inayopeleka sauti na tezi ndogo nne zinazosimamia kalsiamu, zilizoshikamana na thairoidi kwa nyuma. Baada ya hapo, kwa baadhi ya wagonjwa, inakuja iodini yenye mnururisho, safari hii kwa kiasi kikubwa. Saul Hertz aliitumia Boston mwaka 1941 kwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake walitangaza kuwa imefikia saratani ya tezi iliyosambaa mwilini. Mgonjwa humeza kidonge au maji. Mabaki ya seli huivuta iodini, na mnururisho wake wa beta, usiofika mbali zaidi ya milimita mbili hivi, huziua kutoka ndani. Kabla ya hapo mgonjwa hula chakula chenye iodini kidogo wiki moja au mbili ili kiu ya seli iongezeke, na baadaye hukaa peke yake siku chache. Mjamzito hapewi kabisa.

Iodini 131 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 8, kwa hiyo huwezi kuiweka ghalani ukingoje barabara ipitike. Kutoka Bisie hadi Goma barabara ni ya kubahatisha hata wakati wa amani. Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi mgodini Bisie wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipokaribia Walikale. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu mji ulipotekwa na kundi hilo Januari. Iodini hiyo hutengenezwa kwa mitambo ya nyuklia, na Kinshasa ilipata wake mwaka 1959, wa kwanza Afrika, lakini leo mtu wa Kivu anayeitaka anaweza kuvuka mpaka kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Nairobi.

Hata hivyo, kuililia iodini hiyo kwanza ni kuanzia mwisho. Majaribio ya Uingereza na Ufaransa yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kwamba kipimo kidogo chatosha kwa wagonjwa wenye hatari ndogo, na la Ufaransa la 2022 kwamba wengi wao wanaweza kuikosa kabisa baada ya upasuaji mzuri. Kinachopungua zaidi kwetu ni ekografia, sindano, mpasuaji aliyezoea shingo na mtaalamu wa patholojia. Kisha kuna levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi cha kila siku maisha yote kwa aliyetolewa tezi nzima. Mahali ambapo duka la dawa linaweza kukauka wiki nne, mimi naona kukata upande mmoja tu, pale saratani ilipo ndogo na haijatoka nje ya tezi, ni uamuzi wa busara kuliko kuimaliza tezi yote.

Mwenye kinundu kigumu kinachokua upesi, sauti iliyokwaruza bila mafua, shida ya kumeza au vivimbe vipya pembeni mwa shingo asingoje. Aende hospitali yenye ekografia sasa, na akifanyiwa upasuaji aombe nakala ya ripoti ya patholojia, maana bila ripoti hiyo hakuna daktari wa Goma, Dar es Salaam wala Nairobi atakayejua aendelee wapi.