GTX 970 na Ile Nusu Gigabaiti ya Mwisho

Septemba 2014 Nvidia ilitoa kadi ya michoro ya GeForce GTX 970 kwa dola 329, pamoja na GTX 980 ya dola 549. Zote zinatumia chipu moja, GM204. Chipu yenye kasoro haitupwi: huzimwa sehemu mbovu ikauzwa kwa bei nafuu, ndiyo maana 970 ina viini 1,664 na 980 ina 2,048. Hilo ni la kawaida. Ujanja uko kwenye memori.

Gigabaiti 4 za kadi hii zimegawanywa katika njia 8 za biti 32. Kila njia ina nusu gigabaiti, hupitisha gigabaiti 28 kwa sekunde, na mbele yake kuna kipande cha kache cha kilobaiti 256. Kwenye 970 kipande kimoja kimezimwa. Katika chipu za kizazi kilichotangulia, hasara ingeburuta njia mbili pamoja na memori yake, na mnunuzi angebaki na gigabaiti 3. Usanifu mpya, Maxwell, uliruhusu njia iliyofiwa na kache yake iazime ya jirani.

Lakini kuazima kuna gharama. Data ikitawanywa sawasawa kwenye njia zote 8, kache ya jirani ni karani mmoja mwenye foleni mbili, na njia nyingine zote zinamngoja yeye. Kasi ya kadi nzima ingeanguka karibu nusu. Wahandisi wakaitenga njia hiyo: gigabaiti 3.5 husomwa kwa pamoja, 196 kwa sekunde, na nusu iliyobaki husomwa peke yake kwa 28. Draiva hujaza kwanza sehemu yenye kasi.

Kwangu mimi hiyo ni kazi safi. Hata hizo 28 ni zaidi ya zile 16 hivi ambazo PCIe 3.0 hupitisha kutoka RAM ya kompyuta. Na majaribio ya gemu yaliyochapishwa siku za mwanzo yalifanywa kwenye kadi hizohizo, kwa hiyo matokeo yake hayakuwa na uongo.

Kilichoharibika ni karatasi ya vipimo. Waandishi waliambiwa kache ni megabaiti 2, kumbe ni 1.75, vitengo vya kukamilisha pikseli 64, kumbe 56. Wanunuzi ndio walioshtuka, walipoona matumizi ya memori yanakwama kwenye 3.5. Januari 2015 kampuni ikakiri kwamba wahandisi na watu wa masoko hawakuelewana. Mwaka 2016, kesi ya wanunuzi ilipofikia suluhu Marekani, Nvidia ilikubali kulipa dola 30 kwa kila kadi.