Uhakiki: "Na" Si "Iwapo"

Wanafunzi wetu wametuletea mwongozo mfupi wa uwezekano na takwimu kwa wanaoanza masomo ya kompyuta, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza. Tunampongeza mtafsiri. Istilahi zake nyingi, kama vile sampuli na wastani, zinaeleweka, na neno "nasibu" limemfaa msomaji anayeijua bahati nasibu.

Hata hivyo, sura ya uwezekano wenye sharti ina kasoro ambayo hatuwezi kuifumbia macho. Mfano unaotolewa ni wa programu inayolinda mfumo. Kati ya majaribio 1,000 ya kuingia, 10 ni ya wavamizi. Programu inapiga kengele kwa 9 kati ya hayo, lakini pia inapiga kimakosa kwa majaribio 50 ya watumiaji halali. Hapo yapo maswali matatu:

Uwezekano wa jaribio kuwa la uvamizi na kengele kulia ni 9 kwa 1,000.
Uwezekano wa kengele kulia iwapo kuna uvamizi ni 9 kwa 10.
Uwezekano wa kuwapo uvamizi iwapo kengele imelia ni 9 kwa 59, yaani takriban asilimia 15.

Mtafsiri ameyaita yote matatu "uwezekano wa uvamizi na kengele". Mwanafunzi atakayemfuata ataamini kuwa kengele ikilia, mvamizi yupo mara 9 kwa 10. Atawafungia nje watu 50 wasio na kosa.

Wapo watakaosema Kiswahili ndicho kilichopungukiwa. La hasha! "Na" huunganisha, "iwapo" huweka sharti, na kinachofuata "iwapo" ndicho tunachokijua tayari. Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza ambaye insha yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake, alishughulikia swali hili hili la kuligeuza sharti. Lugha yetu inaligeuza kwa kubadili nafasi ya maneno tu.

Tangu Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, tumekuwa tukidai kuwa kinaweza kufundishia sayansi. Dai hilo halitathibitishwa kwa orodha za istilahi pekee. Tunapendekeza sura hiyo iandikwe upya, na kabla ya kuchapishwa isomwe na mwalimu wa hesabu na mwalimu wa lugha wakiwa wameketi pamoja.