Nani Kiima? Maafa ya Kimaumbile katika Taarifa za Habari za Televisheni, Kivu ya Kaskazini

Wahenga wamesema: mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii inaeleza vyema lawama ambayo watazamaji wa Butembo, Beni na Goma huzitupia taarifa za habari za televisheni, kwamba hata mlima unapotema moto, kila kituo huivuta habari hiyo upande wa mwenye kituo. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haijitoshelezi. Aghalabu huishia kwenye dai kwamba kituo fulani kinasema uongo, na kwamba dawa ni kusikiliza kituo cha upande wa pili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro imo ndani ya sentensi yenyewe, katika uteuzi wa kiima, na kwamba katika jambo hilo pande zote mbili hufanana kuliko zinavyokubali.

Sentensi nne

Zichunguzwe sentensi zifuatazo, zilizotungwa kwa kufuata mtindo uliozoeleka wa taarifa hizo:

(a) Mheshimiwa Liwali amewatembelea wahanga wa volkano.
(b) Wahanga wa volkano wametembelewa na Mheshimiwa Liwali.
(c) Serikali imewatelekeza wahanga wa volkano.
(d) Wahanga wa volkano wanateka maji ziwani kwa kuwa mabomba yamekatika.

Sentensi (a) na (b) ni za kituo kinachoegemea serikali. Ingawa katika (b) wahanga wamepewa nafasi ya kiima, mtendaji ni yuleyule. Kauli ya kutendwa imewasogeza mbele bila kuwapa kazi yoyote. Sentensi (c) ni ya kituo cha wapinzani, nayo huonekana kuwa kinyume cha (a). Hata hivyo, muundo wake ni uleule: kiima ni wenye mamlaka, yambwa ni wahanga, na kilichobadilika ni kitenzi tu. Ni katika (d) pekee ambamo wahanga wenyewe wanatenda, na ambamo mtazamaji anapata jambo la kumfaa: mabomba yamekatika, maji ya ziwa yananyweka, basi kipindupindu kinahofiwa. Sentensi ya aina hii ndiyo iliyo adimu.

Aidha, kauli ya kutendeka nayo ina siasa yake. Kusema kwamba nyumba zimeharibika kwa lava ni sahihi, maana lava haina nia. Lakini kusema kwamba fedha za misaada zimepotea ni kutumia umbo lilelile mahali pasipostahili, kwani fedha hazijipotezi zenyewe. Hivyo kiongozi huwa kiima siku ya ziara na kutoweka siku ya hesabu. Wapinzani wake nao hukosea kwa njia nyingine: humfanya kiongozi kuwa kiima hata pale ambapo mtendaji ni mlima.

Milipuko miwili

Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, Goma ilikuwa mikononi mwa RCD-Goma iliyoungwa mkono na Rwanda. Butembo na Beni zilikuwa chini ya RCD-K/ML. Na Kinshasa ilikuwa chini ya serikali ya Joseph Kabila. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi. Katika nchi iliyogawanyika hivyo, kila taarifa kuhusu Goma ilikuwa pia taarifa kuhusu mwenye Goma. Wakazi wengi hawakungoja mgawo huo wa maneno umalizike. Baada ya siku chache walirudi mjini mwao, mawe yakiwa bado ya moto.

Mlima ulilipuka tena Mei 22, 2021, wiki mbili baada ya utawala wa kijeshi kuanza katika jimbo. Safari hii lava ilikomea ukingoni mwa mji, lakini ilikata barabara ya Rutshuru, ile inayoelekea Butembo. Usiku wa kuamkia Mei 27, liwali wa kijeshi aliamuru kata 10 za Goma zihamwe, na umati mkubwa wa wahami ukaelekea Sake, Minova na Rwanda. Ndipo hali ya kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma ilipogeuka kuwa hoja ya kushtakiana: msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa mitambo ya kupimia haikuweza kufuatiliwa ipasavyo. Jambo hilo lilikuwa kweli kabla ya mlipuko pia. Lakini mtambo usiosomwa hauna chama wala mheshimiwa wa kuutembelea, kwa hiyo haukuwa kiima cha sentensi ya yeyote.

Bei ya mazoea hayo

Wakazi wa Butembo na Beni wanaijua bei ya mazoea hayo, ingawa mfano wao ni wa maradhi. Ebola ilitangazwa Agosti 1, 2018, katika eneo la Beni. Desemba 26 mwaka huohuo, Tume ya Uchaguzi iliahirisha upigaji kura Beni na Butembo, ikitaja maradhi hayo na ukosefu wa usalama, ilhali sehemu kubwa ya nchi ilipiga kura Desemba 30. Tangu hapo, kwa wengi, Ebola ilikuwa neno la siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 19 daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, Juni 25, 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa. Haifai kuibebesha televisheni mzigo wote huo. Lakini hadhira iliyozoeshwa kumsikia mwenye mamlaka katika kila sentensi humsikia hata pale anaposema daktari.

Hitimisho

Yamkini itahojiwa kwamba serikali haiwezi kuwajibishwa bila kutajwa. Hoja hiyo ni sahihi, nayo inahusu mpangilio: (c) ina uzito pale tu inapotanguliwa na (d). Anayeanza na shutuma bila mabomba amefanya ziara yake tu, kama liwali.

Wanafunzi wa isimu wanaweza kulipima jambo hili bila gharama. Ichukuliwe taarifa moja ya habari ya Kiswahili siku ya maafa, viorodheshwe viima vyake, kisha ihesabiwe ni vingapi ni wenye vyeo, vingapi ni wahanga, na vingapi ni barabara, maji na mlima. Mfanyabiashara wa Butembo aliyepakia maharagwe kupeleka Goma mwezi Mei 2021 alihitaji kiima kimoja tu, nacho ni barabara.